Tumbo linakaza kila nikifikiria posa: nimsikilize nani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, kwetu Wete, Pemba, lakini nasomesha Unguja mjini, huu mwaka wa sita. Nimeposwa na mtu wa kwetu. Nyumbani wanamsifu, na mimi mwenyewe sijamwona na ubaya. Jibu linasubiriwa baada ya wiki 3. Shida yangu ni kuwa kila nikifikiria kusema ndiyo, tumbo linakaza, viganja vinatoka jasho na moyo unakwenda mbio. Mara ya kwanza ilinipata ndani ya meli, narudi Unguja siku ile ile niliyopewa habari. Bibi ananiambia roho ikisita usende. Shoga yangu anasema huo ni woga wa kila mwari. Nimesali istikhara, sikuota kitu. Nimsikilize nani, au niusikilize mwili wangu?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Mwili wako usikilize, lakini kabla hujaufuata ujue kwanza unajibu swali gani. Katika barua yako nimehesabu mambo yasiyopungua matano uliyoyafunga kwenye pindo moja la kanga: mume, kazi, mji, wakwe na meli. Wewe unauuliza mwili habari za mume. Kama na wenyewe unajibu habari za mume, hilo bado hatulijui.

Bibi yako amechagua neno zuri. Hakusema roho ikikataa, amesema ikisita. Anayesita mlangoni kasimama tu. Huenda kasikia harufu ya moshi ndani, huenda kakumbuka ufunguo kausahau sokoni. Ukimwona kasimama hujui ni lipi mpaka umuulize. Mimi nakubaliana na bibi kwamba usimame. Kinachotupita sote watatu, bibi, shoga yako na mimi, ni sababu, na hiyo iko kwako wewe, inatafutika kwa kazi ya wiki mbili tatu na daftari la kurasa chache.

Tuanze na mwili wenyewe unavyofanya. Moyo, mapafu, tumbo na ngozi hupeleka habari kwenye ubongo usiku na mchana. Mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, una nyuzi nyingi sana, na takriban nne katika kila tano zinapandisha habari juu. Zinazoshusha amri ni hizo chache zilizobaki. Habari zikifika hupokelewa na sehemu ya ubongo iitwayo insula, na huko ndiko kunakotoka lile tunalolisema kwa maneno ya mkato: sina raha, roho haitulii. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, viganja vinalowa. Ndiyo maana tumbo linakaza. Sasa shikilia hili: hakuna adrenalini ya mume na adrenalini ya meli. Ni hiyo hiyo moja, kwa hiyo kwa hisia peke yake huwezi kujua imemwagwa kwa ajili ya nani.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, Antoine Bechara na Antonio Damasio wakiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio la karata ambalo watu hulitaja kila wakisema "fuata moyo wako". Mchezaji alikuwa na mafungu manne mbele yake. Mawili yalitoa faida kubwa na hasara kubwa zaidi. Mawili yalitoa faida ndogo na hasara ndogo, na mwisho wa mchezo hayo ndiyo yaliyolipa. Mkononi alifungwa kifaa cha kupima jasho. Baada ya karata kama 10 viganja vilianza kutoka jasho kila mkono ulipoelekea fungu baya, na mchezaji hajui bado kuna ubaya. Kwenye karata ya 50 hivi alianza kuhisi kitu. Kwenye ya 80 ndipo wengi walipoweza kueleza. Mwaka 2004 watafiti wengine walilipinga, wakaonyesha kwamba wachezaji wakiulizwa vizuri huwa wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Mimi nataka uone jambo ambalo wanaolisimulia huliruka: kiganja hakikutoka jasho mpaka kwanza mtu kala hasara mara kadhaa. Mwili hauna ghaibu. Una kumbukumbu.

Ndiyo maana mchumaji karafuu mzoefu huondoa mguu kwenye tawi kabla hajasikia mlio wa kukatika. Mikarafuu ina matawi mepesi kuvunjika, na mguu wake umefunzwa na mamia ya matawi, kila moja likimpa jibu papo hapo. Ukimpandisha mti huo huo mtu wa mjini, mwili wake utatetemeka kwenye tawi zima na tawi bovu sawasawa. Naye anahisi, tena anahisi sana. Ila hisia zake hazijafundishwa. Kwa jambo lako, mwili una ujuzi kwenye baadhi ya sehemu na kwenye nyingine hauna hata kidogo. Umeishi na watu miaka 29, umeona wapole na wakali, wakweli na wanaojifanya, kwa hiyo ukikaa na mtu mbele yako mwili wako una cha kusema na unastahili kusikilizwa. Lakini kuolewa na kuishi na wakwe hujawahi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwili nao haujui. Ukikuwashia taa nyekundu hapo, unakisia tu.

Sasa meli. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver nchini Kanada, daraja jembamba linaloyumba juu ya korongo, mto uko mbali chini yake. Wanaume waliohojiwa na msichana wakiwa juu ya daraja hilo walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara la karibu. Mioyo yao ilikuwa ikidunda kwa ajili ya daraja, wao wakadhani ni kwa ajili ya msichana. Wewe huenda limekupata hilo hilo kwa kinyume chake: ulipewa habari za posa, ukapanda meli, mkondo wa Nungwi ukakutikisa, ukayafungasha yote mawili pamoja. Kichefuchefu cha baharini huja kwa sababu sikio la ndani linasema tunayumba na macho yaliyotazama ubao wa mbele yanasema tumekaa. Nacho huanza kama ulivyoeleza: tumbo kuchafuka, jasho la baridi. Tena kwa mtu wa Pemba wa umri wako, meli si chombo tu. Tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I ikielekea Pemba, na mamia wakafa, ulikuwa msichana mdogo. Hata kama kwenu hakuguswa mtu, ulisikia vilio vya jirani. Mwili ukishafunga hofu na kitu, hufunga na vilivyo kando yake pia. Mara nyingine, hata ukiwa kitini skulini, wazo la "nitahamia Pemba" linaweza kuamsha ile meli bila meli kutajwa.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema linapimika.

Tafuta daftari dogo na kwa siku 7 za mwanzo usijiulize chochote kuhusu posa. Andika tu, mara 3 kwa siku: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, dakika 2 kila mara, siku za hedhi pia, na uonyeshe ndizo zipi, kwa sababu siku chache kabla yake wanawake wengi huhisi moyo na tumbo kwa ukali zaidi. Asubuhi, kabla ya chai, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Hiyo ndiyo hali yako ya kawaida, na bila kuijua, "moyo unakwenda mbio" ni maneno yasiyo na kipimo.

Kwenye kuandika wengi hukosea hapa: wanaandika "nina hofu", "roho haitaki". Hizo ni tafsiri, na tafsiri ndiyo tunayoitafuta, hatuwezi kuanza nayo. Andika mahali, namna na nguvu. Mahali ni kama koo, kifua, chembe cha moyo, tumbo la chini, mabega, taya, viganja, magoti. Namna ni kubana, kukaza, kuwaka, uzito, ubaridi, kutetemeka, ganzi, wepesi. Nguvu uipe namba, 0 mpaka 10. Kisha andika kilichokuwa kichwani au mbele yako sekunde chache kabla, usingizi wako, na ulichokula na kunywa. Mstari mmoja unakuwa hivi:

"Jumanne, baada ya Isha. Nimelala kwa muda wa saa 5 tu. Chai vikombe 3, urojo saa 11 jioni. Chembe cha moyo kubana 6, viganja jasho 5. Kabla yake: ujumbe wa dada, anauliza nguo za harusi tushone rangi gani."

Mstari huo mmoja una watuhumiwa wanne: usingizi mfupi, chai, urojo, na dada anayeshona nguo za harusi ambayo haijajibiwa. Mume hamo kabisa. Kwa ndimu na pilipili za urojo, hata asiyeposwa tumbo lingemkaza. Kafeini ya kahawa au chai hupungua nusu kila saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha alasiri bado kimo mwilini Isha ikiadhiniwa, na kazi yake ni kuuendesha moyo na kutetemesha mikono, ishara zile zile unazozitafsiri kuwa roho. Njaa nayo hutetemesha na kutoa jasho. Ukizoea kahawa kisha ukaiacha ghafla, kama siku za mwanzo za Ramadhani, kichwa kitauma na utakuwa mwepesi wa hasira. Siku hizo usipime kitu. Jasho la mgongoni na kwapani katika joto la kaskazi lisikushughulishe. La viganja na nyayo liandike, maana hilo huletwa na hisia zaidi kuliko joto.

Baada ya siku 7 ndipo uanze kulifungua lile pindo la kanga. Kata vikaratasi saba, kila kimoja sentensi moja fupi, ya hakika, isiyo na "labda":

Nitakuwa mke wa (jina lake).
Nitaondoka kwenye skuli yangu.
Nitaishi Wete.
Nitaishi nyumba moja na wakwe.
Nikitaka kwenda Unguja nitapanda meli.
Nitasema hapana, na watu wote watajua.
Kesho nitanunua vitunguu Darajani.

Hicho cha vitunguu usikitoe kwa kukiona cha mzaha. Ndicho mizani. Kama vitunguu vinakupa 4, basi siku hiyo 4 ndiyo sifuri yako, na 5 ya mume si kitu. Na cha hapana ni lazima kiwemo, kwa sababu mtu anayejisikiliza juu ya ndiyo tu hujiona mwoga wa ndiyo, kumbe hapana ingemtisha mara mbili yake.

Kaa mahali pasipo na mtu, saa unayojua umetulia, usiwe umeshiba sana wala una njaa. Mgongo uegemee, nyayo ziguse sakafu. Acha pumzi iende itakavyo. Wengi wanaanza kwa kupumua polepole, wamelisoma mahali, na hapo ndipo wanapoharibu kipimo: pumzi ya polepole ni dawa, na ukishameza dawa dalili huioni. Kunja vikaratasi, chukua kimoja bila kuchagua, kisome kwa sauti mara moja, kisha nyamaza kwa nusu dakika hadi dakika moja. Usijieleze wala usibishane. Andika mahali, namna, nguvu. Subiri dakika 10 ukifanya kazi ya mikono, kukunja nguo au kuchambua mchele, kisha chukua kingine. Usizidishe vinne kwa kikao, na kimoja kikikupandisha hadi 7 au zaidi funga kikao siku hiyo, kwa sababu adrenalini huisha kwa dakika chache lakini homoni ya pili ya mfadhaiko, kotisoli, hufika kilele baada ya dakika 20 hadi 30, na kila utakachosoma baada yake kitachafuliwa nayo. Hapo sasa pumua: vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6, dakika 5. Rudia vikao siku nyingine mpaka kila kikaratasi kiwe kimesomwa mara 3. Namba ya mara moja haina maana. Angalia kile kinachorudi mahali pale pale kwa namna ile ile.

Ukikuta meli inakupa 7 na mume anakupa 2, umeshapata jibu la nusu ya barua yako, na hilo lina dawa nyepesi: ndege ndogo mpaka Chake Chake siku ukiwa na uwezo; na ukipanda meli kaa katikati yake, macho yaone upeo wa bahari. Ukikuta ni skuli, mwili wako huenda unalia kwa habari isiyo kweli. Pemba na Unguja zina wizara moja ya elimu, na mwalimu aliyeajiriwa serikalini anaweza kuomba uhamisho. Ukikuta ni wakwe, sharti la makazi linazungumzwa kabla ya akdi, kwa mdomo wa walii wako, wala si aibu.

Na hapa ndipo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kuliko hata vile vikaratasi: mpe mwili habari mpya, kisha uangalie. Woga wa jambo geni hupungua kadiri giza linavyopungua. Ulizia uhamisho unachukua muda gani, uliza mtakaa wapi, uliza deni analo kiasi gani, uliza kama aliwahi kuoa na waliachana vipi. Baada ya kila jibu la kweli soma tena kile kikaratasi. Kikishuka kutoka 6 hadi 3, shoga yako kasema kweli, ulikuwa woga wa mwari. Lakini kama kila unavyojua zaidi kile kidonge cha chembe cha moyo kinazidi kuwa kigumu, na kinakuja kwa mtu huyu hasa, akitajwa jina au akipiga simu, hiyo si hofu ya ugeni. Hiyo sasa inakaribia kukataa.

Kutaneni, kwa adabu zenu, na mtu wa nyumbani akiwepo. Angalia vitu vidogo. Je, sauti yako inapungua akiwepo? Unapanga sentensi kichwani kabla hujaisema, kama mtu anayevuka barabara yenye magari? Mabega yako yako wapi akishaondoka, yameshuka au ndiyo kwanza yanapanda? Kisha mkatalie jambo moja dogo: siku ya kuja tena, au aina ya zawadi. Mtu mwema hukatalika. Kama akikasirika, akikununia siku mbili, au akikulazimisha kwa maneno matamu, na mwili ukaingia ubaridi, usiutulize kwa pumzi wala kwa maneno ya watu kwamba ataacha akioa. Hapo mwili uko kwenye ujuzi wake. Mwambie walii wako yale yale uliyoyaona, kwa maneno ya matukio: alisema hivi, alifanya hivi. Mzee hashughuliki na "sijisikii vizuri", ila "alichukua simu yangu akaisoma" atalishughulikia.

Kuna mtego mmoja uliowanasa wengi, na nitakaa nao kidogo. Ukiamua hapana, hata kwa siri, utahisi raha hapo hapo. Kifua kitafunguka, utalala. Watu hulipokea hilo kama jibu: "Mwili umenijibu, tazama nilivyotua mzigo." Lakini mwili hutua kila hofu ikiondolewa, iwe hofu ya haki au ya bure. Mwanafunzi akitoroka mtihani pia hulala usingizi mtamu. Kwa hiyo raha ya saa ya kwanza usiihesabu. Fanya hivi: siku 2 nzima ishi kama uliyekwisha kusema ndiyo, bila kumwambia mtu yeyote, amka nayo, pika nayo, somesha nayo. Pumzika siku 1. Kisha siku 2 ishi kama uliyekwisha kusema hapana. Andika saa ile ulipoanza, andika baada ya saa 24, andika asubuhi ya pili unapofumbua macho kabla hujagusa simu. Hapana ya kweli, raha yake hubaki hadi asubuhi ya pili. Hapana ya kukimbia huanza na raha kisha huacha uzito fulani wa chini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ndiyo ya kweli nayo mara nyingi huanza vibaya, tumbo kukaza na kila kitu, kisha baada ya siku moja utajikuta unapanga vyombo vya jikoni kichwani.

Huenda usihisi kitu chochote, ndiyo wala hapana, mwili kama ubao. Hilo nalo liandike, na usilihesabu kuwa ridhaa. Mtu aliyelelewa mahali ambapo "sitaki" ilikuwa kosa hujifunza kuzima hisia mapema, na ganzi yake huonekana kwa wengine kama utulivu. Akipatikana na hilo, au aliyewahi kudhuriwa na mtu, namba za daftari hazitamtosha. Aonane na mtaalamu wa ushauri nasaha kabla ya kutoa jibu la maisha. Na kuna wa upande wa pili, anayejisikiliza mno. Ukiukodolea macho mwili kutwa, kila mpwito utakuwa habari. Ndiyo sababu nikasema mara 3 kwa siku, dakika 2. Nje ya hapo funga daftari.

Na yapo ambayo si ya roho kabisa. Moyo unaopita 100 umekaa kimya, siku nyingi, pamoja na kuchoka na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, unaweza kuwa upungufu wa damu, na kwa wanawake wa umri wako ni jambo la kawaida sana. Ukikonda huku unakula, mikono inatetemeka na joto hulistahimili, ipimwe tezi ya shingo. Maumivu ya chembe cha moyo yanayokuamsha usiku au yanayokuja na njaa huenda ni vidonda vya tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Maumivu ya kifua au kuzimia, vivyo hivyo. Kipimo cha damu utakipata hospitali ya Mnazi Mmoja, na ukiwa Pemba, hospitali ya Chake Chake, ya Wete au ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Mwenye pumu ajue pia dawa yake ya kuvuta huweza kuupeleka moyo mbio. Yote haya yaulizwe kabla ya kumtuhumu bwana wa watu, na kabla ya kutafuta nani kakutupia kijicho.

Kuhusu istikhara, mwenye neno ni sheikh wako. Mimi nitasema tu kwamba dua yenyewe haitaji ndoto. Inaomba jambo likiwa na kheri lifanyiwe wepesi, likiwa na shari liepushwe. Kutoota si kunyimwa jibu, na kule kuuliza habari za uhamisho na tabia za mtu hakuipingi sala uliyoisali.

Bibi nenda kamkalie. Usimuulize kama uende au usende. Muulize ameona nini. Mwanamke wa umri wake ameona ndoa nyingi zikianza na nyingi zikivunjika, na mwili wake umejifunza kwa hasara za wengi. Akikwambia "baba yake alikuwa hivi, na huyu nimemwona akimsemesha mama yake vile", hiyo ni habari, iandike. Akisema tu roho yake haitaki na sababu hana, mbusu mkono, na jambo hilo liandike pia, lakini kwenye ukurasa wa pembeni.

Hesabu ya siku zako inakaa hivi. Habari za uhamisho anza kuuliza kesho, kwa sababu karatasi za ofisini hazina haraka. Siku ya 1 hadi ya 7 daftari tupu bila maswali. Ya 8 hadi ya 13 vikaratasi, kikao kimoja kwa siku. Ya 14 na 15 ndiyo, ya 16 kupumzika, ya 17 na 18 hapana. Ya 19 na 20 mkutano na yale maswali magumu, na bora usiyatangulize, ili namba zako zisijue kinachokuja. Ikifika ya 21 na kikaratasi cha jina lake bado kinapanda leo na kushuka kesho, mwambie walii wako aombe wiki mbili nyingine kwa mshenga, bila kutoa sababu. Wakikubali kwa moyo mkunjufu, au wakija juu, yote mawili yaandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.